Mlango Uliotolewa Kitasa cha Ndani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba namba 2, tarehe 3 mwezi wa nne, kuanzia saa 7:25 mchana.
Shahidi: mwanamume, miaka 38, ajulikanaye kazini kwa jina la Fundi Soketi.
Kazi: fundi wa kufunga vifaa vya elektroniki majumbani.
Makazi: nyuma ya soko la samani, nyumba ya geti la kijani.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Naomba niseme polepole.

Kazi yangu ni kufunga kufuli zinazofunguliwa kwa simu, kamera, spika za dari, na vitu vya aina hiyo. Mnamo tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka huu, saa 3:00 asubuhi, nilikwenda kwa mteja ambaye dukani kwetu tunamwita Bwana Rimoti. Ni afisa wa bima, anakaa ghorofa ya tatu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hapitwi na kifaa: kikitoka leo, kesho anacho. Ni mcheshi. Anajua habari za betri za vitu ambavyo mimi sijavitia mkononi. Nakiri nilipenda kwenda kwake. Wateja wengine huniuliza tu nitamaliza saa ngapi, lakini mimi na yeye tulipiga soga mpaka chai ikapoa.

Siku hiyo nilifunga kufuli ya mlango wa mbele, kamera nne, spika zinazosikia na kusema kila chumba, na friji yenye kamera ndani, inayomwonyesha kwenye simu yake kilichomo. Madirisha yote nilikuta yana nondo. Nilipokuwa namalizia mlango alinisogelea akasema, "Fundi, hicho kitasa cha ndani kitoe. Mama yangu anakuja kukaa nasi. Amezeeka, anasahau. Atafungua atokomee."

Nikasema moyoni, huyu ni mtoto anayejali mzazi. Nilikitoa, nikaziba tundu kwa bamba la chuma. Tangu hapo mlango ule, kwa ndani na kwa nje, ulifunguka kwa simu yake peke yake. Mke wake sikumwona. Aliniambia yuko kazini, duka la dawa.

Leo, tarehe 3, saa 3:40 asubuhi, alinipigia simu. Alisema kamera ya jikoni imepoteza picha tangu jana. "Nenda kaiangalie, nitakufungulia kutoka huku ofisini." Nilifika saa 4:15. Mlango ukalia, ukafunguka wenyewe. Nilipoingia ukajifunga nyuma yangu. Hilo halikunishtua, ndivyo nilivyoutega mwenyewe.

Mke wake alikuwa amesimama ukumbini, miguu mitupu. Nilimsalimu, "Shemeji, habari za hapa?" Akajibu, "Nzuri," lakini macho yalikuwa kwenye spika ya dari.

Jikoni nilipanda kwenye stuli. Kioo cha kamera kilikuwa kimepakwa mafuta ya kupikia, mazito, kama yaliyopakwa kwa kidole. Nikatoa kitambaa nifute. Shemeji akanishika mkono. Kisha akamimina maji matupu kwenye blenda, akaiwasha. Ilipiga kelele jikoni kote, naye akaja karibu na sikio langu.

"Usifute. Nimeipaka mimi. Nilijua jicho likizima atakuita wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu mwenyewe.

"Simu gani? Alisema anaipeleka ikabadilishwe niletewe mpya. Kazini aliwaandikia kwa jina langu kwamba nimeacha. Fundi, leo ni siku ya kumi na tisa sijakanyaga nje ya mlango huo."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Shemeji, mwenzio anamlinda mama mkwe tu. Mzee anasahau."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Mama mkwe wangu tulimzika miaka mitatu iliyopita."

Afande, hapo nilishuka kwenye stuli nikashika sinki. Nilikuwa naona mikono yangu tu, ikiziba lile tundu kwa bamba la chuma huku nikipiga mluzi.

Ndipo spika ya dari ikaongea. Ilikuwa sauti ya Bwana Rimoti, tulivu, kama yuko chumba cha pili.

"Fundi, blenda ya nini?"

Nikajibu haraka, "Shemeji ananitengenezea juisi, bosi."

Akasema, "Friji inaniambia humo ndani hamna tunda hata moja."

Shemeji akazima blenda. Nikatembea mpaka mlangoni kama mtu anayeaga, nikasema, "Basi bosi, kamera inataka kifaa kingine, nakwenda dukani mara moja. Nifungulie."

"Subiri hapo hapo. Niko njiani. Dakika ishirini."

Nilitazama saa, ilikuwa 4:32. Nikafungua mkoba, nikatoa bisibisi na koleo. Alikuwa ananiona kwa kamera ya ukumbini, na alianza kuongea bila kupumzika. Kwanza alicheka. Akasema mke wake ni mgonjwa, anaona mambo ambayo hayapo. Akasema sisi ni marafiki, na zile spika mpya nilizozisifia niende nazo leo leo. Mimi nilikuwa kwenye skrubu ya tatu ya lile bamba. Ndipo akaacha kusema nami, akamwita mke wake kwa jina la mapenzi, taratibu, mara nyingi. Shemeji aliketi chini akaziba masikio. King'ora cha nyumba kikaanza kulia.

Bamba lilipotoka nilishika kile chuma cha katikati kilichokuwa kikizungushwa na kitasa kwa koleo, nikakizungusha. Kiliteleza mara mbili kwa jasho. Mara ya tatu mlango ukaachia. Ilikuwa saa 4:41.

Shemeji hakutoka. Alisimama kwenye kizingiti akitazama sakafu ya nje. Nikamwambia, "Dada yangu, twende." Sikumvuta. Nilimpa viatu vyangu, nikabaki na soksi, tukashuka kwa ngazi.

Getini mlinzi alituzuia. Akasema, "Bwana amepiga sasa hivi, niwaweke hapa mpaka afike. Anasema mama anaumwa akili."

Nikamwambia, "Vizuri. Basi waite polisi waje wamchukue mgonjwa. Piga mbele yangu."

Mlinzi akamtazama shemeji, akatazama vile viatu vikubwa miguuni mwake. "Mama," akasema, "mimi niliambiwa umesafiri." Akafungua geti, kisha akapiga simu kituoni. Gari la Bwana Rimoti lilifika saa 4:56, na askari walifika dakika tatu baadaye. Aliposhuka alinipa mkono kama kawaida. Nami, Mungu anisamehe, niliupokea kabla akili haijanirudia.

Kuna jambo moja sikuulizwa. Tangu mwaka huu uanze nimetoa vitasa vya ndani katika nyumba nyingine tatu. Kila mwenye nyumba alikuwa na sababu nzuri: mtoto mtundu, mtu anayetembea usingizini, wezi. Nilipokuwa nangoja kuandikwa hapa nilijaribu kukumbuka kama nilimwona mtu mwingine yeyote ndani. Nyumba mbili nina uhakika sikumwona. Ya tatu, kuna mtu alikohoa chumbani na mwenye nyumba akaongeza sauti ya televisheni. Mitaa na namba za milango nimeziandika kwenye karatasi hii.

Niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu ni hayo. Nimesomewa, ni sawa, sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi alisomewa maelezo yake saa 8:50 mchana akayathibitisha. Alitoa maelezo bila viatu. Karatasi ya anwani tatu imeambatishwa jaladani. Askari wawili wametumwa saa 8:55, nyumba ya kikohozi kwanza. Shahidi ameomba kwenda nao na vifaa vyake. Nimemruhusu.