Kuku Mweusi wa Mama

Jumatatu, 7 Julai
Buti limekakamaa, limenichubua kisigino. Nimeshuka duarani, shimo letu la dhahabu, asubuhi kama kawaida, nikakagua matimba, yale magogo yanayozuia ukuta usituangukie. Mwili bado uko barabarani. Tulikwenda Singida kumwonyesha mama wajukuu zake, mimi, Mama Neema na watoto, kwa gari la shemeji. Wadogo walitapika Tinde, wakatapika tena Igunga. Kurudi, Neema alimpakata kuku wa zawadi ya bibi yake, tetea mweusi, njia nzima. Sijacheka vile siku nyingi.
Hapa hakuna kicheko. Mwamba wenye dhahabu umekatika nikiwa safarini. Wanapasua mawe matupu.

Jumanne, 8 Julai
Masanja. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga matimba. Amekula kwangu tangu aingie machimboni. Leo tunavaa tochi, akapaza sauti wote wasikie:
"Mwangaluka, Baba Neema! Kuku wako mweusi kaamkaje? Dhahabu yetu kaidonoa yote, au katubakizia?"
Walicheka. Halafu wakaacha kucheka, wakabaki wananitazama. Hapo ndipo paliponiuma. Wanaamini nilikwenda kwa mganga, nikaihamisha dhahabu niichimbe kwingine.
Mchana msimamizi wetu, Mzee Bundala, amenitoa chini. Nibaki juu, nizungushe winchi, nishushe watu na kupandisha mawe. Matimba amepewa Masanja. Kumbe alikuwa anatafuta kazi hiyo.

Jumatano, 9 Julai
Mama Neema amerudi na beseni la maandazi kama alivyoondoka nalo. Hakuna mchimbaji aliyenunua. Amejifunika kanga, akageukia ukutani.
Nataka Masanja aumie. Naandika hivyo hivyo. Kuniomba radhi pembeni sitaki. Nataka alie watu wakisikia, jina langu lisafishwe pale pale alipolichafulia.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemshusha Masanja. Nimempandisha Masanja. Uzito wake wote mikononi mwangu.
Wananiita mchawi, halafu wananikabidhi kamba. Watu wa ajabu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimefanya.
Alipofika katikati nikachomeka kigingi, winchi ikasimama. Akaning'inia gizani, miguu haigusi kitu.
"Baba Neema, teremsha!"
Nikakikaza kigingi.
"Kaka, acha utani bwana. Mkono unakufa ganzi."
"Sema kwa nini umenizushia."
Watu wakajaa mdomoni mwa duara. Hakuna aliyethubutu kunigusa, wala kuigusa winchi. Masanja akatukana. Akaomba. Akamtaja mama yake. Mwisho akalia kama mtoto:
"Nilidanganya! Nilitaka kazi yake! Kuku ni kuku tu, jamani!"
Moyo wangu ulipoa kama niliyekunywa maji ya mtungi. Nikampandisha polepole, nikifaidi kila mzunguko. Suruali yake ilikuwa imelowa.
Nikawageukia wenzangu. Nikadhani yameisha. Mzee Bundala akatikisa kichwa.
"Mtu aliye kwenye kamba yako, Baba Neema, atasema lolote utakalo."
Wakatawanyika. Hakuna aliyemlaumu Masanja hata kwa neno. Wawili walimshika mkono wakamsindikiza.

Jumamosi, 12 Julai
Masanja ameondoka. Amepanda bodaboda na godoro lake, wanasema kaenda Buseresere. Aende. Nimesikia raha, lakini kidogo kuliko nilivyotarajia.
Maandazi yameisha mapema. Mama Neema amerudi anaimba. Wanunuzi walipanga foleni, hata chenji hawakungoja.
Nilipita njia ya karashani, kwenye mashine za kusaga mawe, jioni. Maandazi yametupwa kwenye nyasi, moja baada ya jingine. Hayajang'atwa.
Sijamwambia.

Jumatatu, 14 Julai
Nimerudishwa chini kwenye matimba. Sikuomba. Nikipita, wanabana ukutani, wananipisha. Nikikaa kupumzika, nakaa na nafasi kubwa.
Wakati wa kutoka Mzee Bundala alikuwa juu, akisubiri. Ana wajukuu waliokwisha kuoa. Alivua kofia, akainamisha kichwa.
"Shikamoo, Baba Neema."
Nikatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.
"Marahaba."