Kaka Ameinyamazisha Kompyuta

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Unaijua ile kompyuta kuukuu ya kaka yangu, kubwa kama kabati, inayovuma sebuleni kama mashine ya kusaga? Mama mkwe wake alimwambia mwisho ni leo: inyamaze au iende stoo.

Basi ameinyamazisha. Amebadilisha feni zote tatu na kuweka raba chini ya diski. Amepima sauti kwa simu mara sita na kuandika kila kipimo. Mama mkwe akaketi kwenye kochi, kaka akaiwasha. Kimya kabisa.

Akaja jikoni kifua mbele, akamwambia mkewe: "Sasa huyu bibi atalalamikia nini? Miezi minne anakula na kununa tu."

Kwa sauti ileile aliyozoea kuongea nayo feni zikivuma. Mlango uko wazi. Amepima kila kitu isipokuwa mdomo wake.

Mama mkwe akajibu kutoka sebuleni, wala hakupandisha sauti: "Mkwe, mashine ibaki. Mwenye kelele ni wewe."

Sasa hivi kaka yuko chini ya meza na bisibisi, anarudisha feni za zamani.