Njia ya Ghala Tupu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeifuta vumbi kompyuta, nimejisifu kidogo. Ratiba ya kila siku. Ghala la asali la Bi Zuhura, hapa Ipuli, linakwenda kwa programu yangu. Mfuga nyuki anataja jina, inasema ndoo zake ziko safu gani. Shule niliachia kidato cha pili. Waliomaliza wako wapi?

Mwezi uliopita niliitia dawa. Zamani kanzidata, humo yanamokaa majina na ndoo zote, ililisoma kila swali upya, ikatafuta njia, ndipo ikaenda. Nikaliandaa swali mara moja, njia nikaifunga humohumo. Anayekwenda Isikizya kila siku haulizi kila njia panda. Ghalani zilikuwemo ndoo arobaini. Jibu kabla hujapepesa. Hatari mimi.

Jumatano, 5 Juni
Malori ya Goweko yameingia. Ndoo maelfu. Programu imekuwa konokono. Mzee mmoja kataja jina, kaenda kuswali adhuhuri, karudi: bado. Mwajuma, mtunza ghala, kafungua daftari lake, kazipata ndoo. "Fundi, amka, mgeni anaondoka!" Ghala zima kicheko. Nimeumia.

Alhamisi, 6 Juni
Bi Zuhura kaamua. Jumamosi nishindane na daftari. Nikishindwa, kompyuta inatoka, na mimi nyuma yake. Nimelaumu umeme. Nimelaumu kompyuta. Nimelaumu nyuki.

Ijumaa, 7 Juni
Mwajuma anapanga daftari jipya, kila herufi na kurasa zake. Nikamtania: la zamani limeliwa na mchwa?

"La zamani nililipanga ghala likiwa tupu. Ndoo arobaini unazipitia moja moja. Hizi utazipitia mpaka uote mvi, mdogo wangu."

Nikairudia kazi yangu kuikagua. Si kawaida yangu. Na mimi swali nililiandaa ghala likiwa tupu! Kanzidata iliona ndoo chache, ikachagua kuzipitia zote, na mimi nikaifungia hapo. Faharasa ya majina, kama zile herufi za daftari la Mwajuma, ipo, haiguswi. Mjinga mimi. Nimeiagiza izihesabu ndoo upya, nikaliandaa swali upya. Kufumba na kufumbua.

Jumamosi, 8 Juni
Majina ishirini. Nimeshinda yote. Bi Zuhura akauliza nani kagundua kasoro. Nilikwisha kufungua mdomo kusema mimi. Mwajuma ananitazama tu. Nikasema, Mwajuma. Imeuma kama sindano. Kompyuta inabaki, na mimi nabaki. Ila kila asali ikiingia, Mwajuma ndiye atakayesema swali liandaliwe upya lini.

Jumapili, 9 Juni
Ghala limefungwa. Nimekutana na Mwajuma sokoni. Nimemwamkia shikamoo. Kanizidi miaka miwili tu.

Kaitikia marahaba. Wala hakuona haya.