Baba, Ulipigana na Nani?

Baba,

Tss. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo. Makelele ya watu uwanjani yameanza kufifia, na kilio cha siku ya mazishi sikumbuki vizuri. Lakini ile pumzi fupi uliyoitoa puani kila ulipotupa ngumi kwenye gunia la pamba chafu nyuma ya nyumba, hiyo naisikia hadi leo. Uzee ulipokuondoa kwenye gunia uliendelea nayo. Ukipasua kuni: tss. Ukipigilia msumari: tss. Hata wiki ile ya mwisho, ulipojaribu kugeuka kitandani, niliisikia nikajua bado unapigana.

Mama hajambo. Amehamia upande wako wa kitanda na hataki mtu amuulize kwa nini. Yule ng'ombe wako mweusi amezaa jike. Gunia bado linaning'inia, hakuna aliyethubutu kulishusha.

Mimi nimerudi kazini, kukagua ubora wa pamba za watu. Na ni huko kazini jambo hili lilipoanzia. Tuna mhasibu mpya, kaka Hamisi, amehamishiwa Bariadi kutoka Tanga. Anaijua ndondi kama wengine wanavyoujua mpira. Alikuja mezani kwangu kunipa pole.

"Pole sana, dada Minza. Nimesikia mzee alikuwa bingwa, hajawahi kupigwa."

Nikasema ndiyo, hajawahi.

"Mungu amlaze pema. Aliwapiga kina nani?"

Aliuliza kwa heshima kabisa, Baba. Nikafungua mdomo. Nikamtaja yule mnene wa mashine ya kusaga. Nikamtaja mpiga debe wa stendi. Nikamtaja yule mchekeshaji wa Sola aliyeingia ulingoni amevaa gauni la mkewe. Hapo nikajisikia mwenyewe ninachosema. Hamisi akasema "Ahaa," akarudi kwenye hesabu zake. Heri angecheka.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Baba mdogo Shija. Mdogo wako ndiye aliyekuandalia mapambano yote, na ukoo ulikuwa umempa yeye kazi ya maneno ya jiwe la kaburi lako. Mimi nilipewa kazi ya kumtafuta fundi. Maneno alikuwa nayo tayari: BINGWA ASIYESHINDWA. Nikamuuliza kwa nini alikuchagulia wapinzani wale.

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Yule wa mashine ya kusaga alikuja na kijiji kizima! Yule wa Sola, watu walipanda mpaka juu ya mabati! Uwanja ulifurika, Minza. Sasa wewe na shule yako unataka ushindi gani mwingine?"

Nikamwelewa. Baba mdogo ni mtu wa ngoma. Ujana wake wote aliongoza kundi la wachezaji, na unajua ngoma zetu zinavyoshindanishwa pamba ikishauzwa: kundi hili linacheza huku, kundi lile linacheza kule, saa ileile, na upande watu watakaoukimbilia ndio umeshinda. Basi. Watazamaji ndio majaji. Alipopata kaka bondia akamwendesha kama ngoma. Alitafuta mpinzani wa kuleta watu, na mtu anayejua kupigana haleti watu kama mtu aliyevaa gauni. Wala hakuudanganya mji. Mji wote ulikuwa unahesabu kama yeye.

Lakini mimi kazi yangu imenifundisha kwamba mizani inasoma uzito tu. Mkulima akichanganya mchanga kwenye pamba, mizani inausoma mchanga nao. Mpaka uingize mkono ndani ya gunia. Usiku nililala nikijiuliza kama ninataka kuingiza mkono kwenye gunia la baba yangu mwenyewe. Niliogopa nitatoka na mchanga mtupu, na wewe hupo wa kunieleza.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unasema watu wakikusifia ushindi wako. "Mimi nimepigana na mtu mmoja tu." Walicheka, wakadhani ni majivuno, kwamba wengine wote uliwaona si kitu. Mimi pia nilidhani hivyo. Nikakumbuka na Lalago. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, ulikuwa unaaga kwamba unakwenda Lalago kuangalia ng'ombe. Hujawahi kurudi hata na kamba. Ulirudi na mdomo umevimba, na mara moja umechanika juu ya jicho, ukasema ni pembe. Na Mama akasema, "Hao ng'ombe wa Lalago wanauzwa kwa ngumi?"

Nilikwenda Lalago siku ya mnada. Niliuliza kama kuna mzee aliyewahi kucheza ndondi, na mchunga ng'ombe wa kwanza niliyemuuliza akaninyooshea kidole. Mzee Ngasa alikuwa ameegemea ua wa mnada. Mwembamba, mikono mirefu, mguu mmoja anauburuta. Ngumi alijifunza jeshini, alinieleza baadaye.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

Nikaitikia, nikasema mimi ni ng'wana Masanja, mtoto wa Masanja wa Bariadi. Hakuniuliza Masanja yupi. Alinyanyua mkono wa kushoto polepole, akautupa hewani, akatoa pumzi puani: tss.

Baba, ilikuwa pumzi yako kabisa.

Nilimpa habari ya kifo chako. Alikaa chini kwanza. Kisha akanisimulia, na alipenda kusimulia. Alisema ulikuja siku ya mnada, peke yako, bila Shija wala ngoma, glovu zimening'inia shingoni, ukasema, "Nimeambiwa hapa kuna mtu." Mkapigana ndani ya zizi la mnada ng'ombe walipokwisha kutolewa, wachungaji wamekaa juu ya fito.

"Nilimpiga," akasema. "Nilimpiga vizuri. Baba yako alikuwa anapumua kwanza ndipo apige. Kila ngumi yake ilikuwa inabisha hodi." Akacheka mpaka akakohoa. "Nikamwambia, Masanja, acha kupumua, ndiko kunakokuponza. Akasema, nikiacha kupumua nitakufa, na wewe utakuwa umeshinda bure."

Nilimsikia akisema hivyo nikakuona kabisa, na damu jichoni.

"Mwaka uliofuata nikamwona tena. Nikajua leo namaliza mapema. Akapumua, tss, nikainama. Kumbe hakupiga! Amepumua tu. Ngumi ikanikuta hukohuko chini nilikoinamia." Akashika shavu kana kwamba bado lina joto. "Tangu siku hiyo sikujua tena ipi ya kweli, ipi ya uongo."

Nikamuuliza mwishoni kabisa nani alishinda zaidi. Alifikiri. "Sijui, mayu. Hatukuwa na refa. Lakini kila mwaka, pamba ikianza kuchanua, nilianza kukimbia asubuhi. Nilikuwa namwogopa baba yako."

Njiani kurudi nililia, na abiria mwenzangu akanipa karanga bila kuuliza kitu. Maisha yangu yote nilikuwa na baba asiyeshindwa, nikamjibu kila mtu kwa jina hilo. Sasa nina baba aliyepigwa ndani ya zizi la ng'ombe, akarudi nyumbani, akakaa mwaka mzima na gunia lake, akaichukua ile pumzi iliyomponza akaigeuza mtego. Huyu nimemfahamu. Yule mwingine nilikuwa nampigia makofi tu.

Nilimwambia Baba mdogo ukweli wote kabla sijafanya lolote. Akaniuliza, "Unataka kumshusha baba yako na udongo umeshamfunika?" Nikamwambia kwamba mtu akisimama mbele ya jiwe lile akauliza kama alivyouliza Hamisi, nataka awepo mtu wa kumtaja bila aibu. Hakukubali. Aliniambia nimesoma mpaka nimepitiliza. Nikaondoka kwa heshima, nikaenda kwa fundi.

Jiwe tulilisimika Jumamosi. Lina msalaba, jina lako, na chini yake mstari mmoja: ALIPIGANA NA NGASA WA LALAGO.

Baba mdogo alikuja. Alisoma, akainama akasoma tena, akapitisha kidole kwenye herufi.

"Sasa hapa watu wataelewa nini?"

"Hawataelewa, Baba mdogo. Watauliza. Na anayekaa jirani na kaburi ni wewe."

Alinikazia macho mpaka nikadhani ataniacha pale. Kisha akageuka. Majirani walikuwa wameanza kusogea, mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Ngasa ndiye nani?" Nikamwona Baba mdogo anawaangalia wanavyoongezeka. Akakohoa. Akapanda juu ya lile rundo la kokoto zilizobaki, akatandaza mikono kama zamani. "Jamani! Sogeeni, sogeeni hapa niwaambie Masanja alivyokwenda Lalago peke yake!" Na watu wakasogea. Hadithi aliisikia kwangu mara moja tu, lakini alikuwa ameshaongeza fahali aliyebaki zizini.

Kwaheri, Baba yangu. Pumzika, umefanya kazi. Wakiniuliza sasa nitawajibu, na kila mwaka pamba ikishauzwa nitakwenda kumwona yule mzee, maadamu yuko.

Kwa kweli sikungoja msimu uishe. Mguu ulimzuia Mzee Ngasa kuja kwenye jiwe, nikaona si haki. Nilimuaga Mama kwamba nakwenda Lalago kuangalia ng'ombe. Alinitazama, akaingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka na glovu zako amezipaka mafuta.

"Basi wapelekee na hizi hao ng'ombe."

Nilizipeleka jana.

Mwanao,
Minza