Picha Isiyosafishwa kwa Dawa

Mama Neema mpenzi,

Nilikuficha jambo. Sikuja Sumbawanga kwa harusi tu. Nilibeba ile filamu ya eksirei ya kifua ya mwaka jana, yenye doa jeupe, ili nipigwe nyingine hospitali ya huku, mbali na macho yako. Baridi ya huku unaijua: nilipovua shati nilitetemeka kama kuku aliyenyonyolewa.

Picha ilitokea kwenye kompyuta papo hapo. Nikainua filamu yangu dirishani, nikamhutubia daktari kama darasa la kidato cha pili kwamba doa lile ni dawa ya kusafishia picha, ilimwagika.

"Shikamoo mwalimu," akasema daktari, binti mdogo tu, "ila umeishika nyuma mbele."

Akaigeuza, kisha akaikuza picha ya kwenye kompyuta.

"Hii haisafishwi kwa dawa yoyote, babu. Na doa liko palepale, limekua."

Nikakohoa, nikavaa shati.

Nakuletea ulezi wa uji. Kula vizuri, jifunike, na usilie kabla sijafika. Habari ya dawa kumwagika niliitunga mimi. Daktari wa kwanza aliniambia huenda ni saratani, nirudi haraka kwa vipimo. Niliogopa, sikurudi.

Mumeo