Gari la Wazi na Tawi la Mringaringa

Jumamosi, 5 Oktoba 1968

Nimeliosha gari tena leo. Ndoo tatu. Nakijwa kanuna, eti hata watoto wa nyumba hii hawaogi hivyo. Mke wangu hajui gari.

Kutoka Same mpaka huku Chome hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Sijisifu, natoa taarifa. Meneja wa mkonge kafunga mizigo kurudi kwao Uingereza, na gari lake la wazi, jekundu, viti viwili, nimelichukua mimi kwa bei ya fahali wawili. Nimefika Mombasa, nimefika Kampala, sijaona Mpare kakalia kitu kama hiki. Kumbe chini ya bati kiunzi chake ni mbao. Waingereza wanaunda gari kama kabati! Na mchwa walikuwa wamekula nguzo za milango yote miwili. Mwingine angelia. Mimi Jumatatu napita njia ya juu ya mpungi, msitu wetu wa tambiko, nakuta upepo umeangusha tawi la mringaringa. Nene, limepinda lenyewe kama limepimwa mlangoni. Limelala barabarani linanisubiri. Barabara ni ya serikali, si ya msitu wa ukoo.

Watu nimewaambia mbao nimeshusha kutoka Same. Wazee wa hapa hata kijiti kilichodondoka mpungini hawataki kiguswe. Ya nini kuwasumbua wazee.

Bahati haitafutwi. Inakufuata yenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba

Lori la ushirika. Kahawa kwenda, chumvi na mabati kurudi. Vumbi mpaka kwenye meno.

Jioni kwa Bukuru, anachonga nguzo. Huyu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, manamba. Mwaka juzi nilimkuta kando ya barabara kule Makanya anatetemeka kwa homa, nikampakia kwenye lori bure, nikamlaza kwangu. Alipopona hakurudi. Kijiji kikampa kishamba chini ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na zamu yake ya maji. Seremala hodari kuliko wote mlimani. Mahindi yake nayo yanashinda ya wenyeji, na si kila mtu anapenda.

Leo alipitisha kidole kwenye mbao, akakilamba.

"Limeanguka lini hili, Bwana Sefania?"

Nikamwambia Jumapili, na upepo. Akaendelea na randa.

Jumapili, 13 Oktoba

Limetembea! Baada ya ibada nimelizungusha uwanja mzima wa kanisa, turubai chini, kofia kichwani. Watoto wamekimbia nyuma mpaka wakaishiwa pumzi. Nimewapakia wawiliwawili, wote, hata wa wale wanaonisema. Balozi wa nyumba kumi kauliza gari la watu wawili ni la ujamaa gani. Nikamjibu, "Ujamaa wa zamu, ndugu balozi. Panda." Akapanda.

Mama yangu kakataa. Nimemfungulia mlango kama malkia, kasimama, kainusa ile nguzo.

"Linanuka msitu," kasema.

Kaenda zake kwa miguu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Vuli haijaja. Maji ya ndiva yako chini ya alama ya jiwe. Wazee wameingia mpungini kutazama chemchemi. Aliyewaongoza ni Mzee Kajiru, kaka mkubwa wa marehemu baba. Ndiye mlinzi wa msitu, na kabla yake alikuwa babu yangu.

Wametoka. Mringaringa mkubwa ulio juu ya chemchemi una kidonda. Wanasema shoka. Wanasema bado kinatoa maji.

Mimi sijui. Upepo nao una makali.

Jumamosi, 19 Oktoba

Pembe imepigwa asubuhi. Nikadhani msaragambo, kazi ya kijiji, nikachukua jembe. Si kazi. Ni maneno.

Mzee Kajiru kasema hivi. Aliyekata alete kondoo dume mmoja, na kila ubao urudi ulikotoka, uozee pale. Kondoo ataliwa, mtu atachekwa, basi. Asipojitokeza mpaka Jumamosi ya kwanza ya Novemba, yaani tarehe mbili, kinavunjwa chungu cha laana. Na chungu hakiulizi jina la mtu. Kinaingia nyumbani mwake.

Mchungaji kesho atakikemea. Wazee wa kanisa wataitikia amina. Ndio haohao watakaokishika.

Nimetania kwamba mimi kondoo namkubali hata bila kosa. Wamecheka. Mimi sikucheka.

Gari bila nguzo ni sufuria.

Jumanne, 22 Oktoba

Wamekwenda kwa Bukuru. Wamekuta maranda yamejaa, na kipande cha mringaringa chini ya meza. Nilikuwepo. Nilisimama mlangoni, karibu niseme.

Mzee Kajiru kamuuliza kakitoa wapi.

"Niliokota njiani, mzee. Upepo."

Maneno yangu. Neno kwa neno. Hakunitazama. Hakunitaja.

Wamemnyima zamu ya maji. Jirani yake kasema kwa sauti, "Mgeni ukimkaribisha sebuleni, analala chumbani." Watu wameguna kukubali. Ningemtia ngumi. Sikumtia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mlango wa kushoto haufungi. Mbao zinasinyaa. Kila kona gari linalia, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Nimeweka misumari. Linalia palepale.

Mama anakaa barazani. Nikipita anainua kichwa, anasikiliza mpaka nipotee.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimenunua kondoo dume huko chini. Nimempandisha mlima kwenye kiti cha pili, turubai wazi, masikio yanapepea. Kijiji kizima kimecheka mpaka machozi. Wakauliza bibi harusi ni wa ukoo gani. Nikasema, "Huyu hajaniuliza bei ya petroli, nampenda."

Nimemfunga nyuma ya nyumba. Nakijwa kamtazama.

"Wa nini?"

"Wa Krismasi."

"Krismasi, Baba Eli?"

Basi. Ni bora angefoka.

Kesho nasema. Naenda na kondoo, nafungua milango mbele ya Mzee Kajiru, natoa nguzo mwenyewe. Wacheke. Nimechekesha watu maisha yangu yote, mara moja zaidi itaniua?

Jumanne, 29 Oktoba

Sikusema. Lori lilikuwa na safari.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo hapakuwa na safari. Nimefika mpaka uwani kwa Mzee Kajiru. Kanipa kiti cha babu. Kasema, "Afadhali wewe, mwanangu, damu ya walinzi." Nimekunywa dengelua, pombe yake ya miwa, nimeshukuru, nimerudi.

Mjukuu wa mlinzi. Hapo ndipo neno linaponikwama.

Bukuru anamwagilia mahindi kwa kopo, maji ya kutoka mtoni bondeni. Nimeona mgongo wake. Nimepita njia nyingine.

Jumamosi, 2 Novemba

Chungu.

Kila mwenye nyumba anagusa ukingo wake na kusema neno moja. Zamu yangu nimesema, "Sikukata." Sauti imetoka nzuri, kama ya redioni. Hicho ndicho kinachonitisha.

Bukuru kafika mbele, kakitazama chungu. Kasema yeye haapi. Wamemwomba mara tatu. Haapi. Watu wote wakajua wanachotaka kujua.

Mzee Kajiru kakivunja juu ya jiwe. Nilitegemea kishindo. Kimelia kidogo tu, kama kikombe.

Bukuru kaambiwa Jumatatu asiwepo.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimempeleka mimi stesheni ya Same. Watu wakasema Sefania ana moyo, hata mkosaji anampa lifti. Sanduku la zana magotini mwake. Mlango nimeufunga kwa kamba ya mkonge.

Kwenye kona za juu nguzo ikapasuka. Nimesikia. Kasikia. Akaishika kwa kiganja mpaka tukafika tambarare, kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Nilijua siku ile ya kwanza," kasema. "Tawi lililoanguka limekwisha kufa. Hili lilikuwa linatoa maji."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Siku ile ya homa ulinipakia. Sikukuuliza unanipeleka wapi."

Nikasimamisha gari. Nikamwambia turudi, nitasema leo, kondoo ninaye. Akasubiri. Nilishika usukani. Nilishika sana. Kisha nikatia gia, nikaelekea Same.

Stesheni akashuka, akakagua ule ufa.

"Zipake mafuta ya nyonyo kila wiki. Mwakani zitatulia."

Treni ikaja.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua siku ya sita. Ndiva imejaa mpaka ukingoni. Kila mtu anasema mkosaji kaondoka na mvua imerudi. Mzee Kajiru kapita kunipa mkono. Nimeupokea.

Kwenye kishamba cha Bukuru mahindi yamesimama, mabichi, hayana mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kuyapalilia. Kondoo yuko nyuma ya nyumba, ananenepa. Mama hajaniita jina langu toka siku ya chungu. Nakijwa anapika, anaweka chakula, anatoka nje. Mtoto wa pili ana kikohozi. Ni mvua tu. Nimemgusa paji la uso mara nne leo.

Gari liko chini ya turubai. Nimezipaka nguzo mafuta ya nyonyo. Fundi kasema kweli. Zimeanza kutulia.

Sina bahati. Sijawahi kuwa nayo. Tawi halikuanguka. Nililikata mimi, kwa shoka la baba.