Kuruta Anaripoti Kutoka Kibandani Mwako

Afande Boay,

Sijui kama marehemu husomewa barua. Ila wewe ulikuwa mkali nikikaa bila kuripoti, basi naripoti. Nimo ndani ya kibanda chako hapa Qurus, kile ulichotengwa mpaka ukafa. Nimekalia kigoda chako. Paa linavuja juu ya kitanda, na wewe ulijua kuezeka kuliko sisi wote. Ulikuwa unangoja nini?

Naandika Kiswahili cha kambini. Kiiraqw ni cha mama zetu, na jambo hili sisi wawili hatukuwahi kulitamka kwa Kiiraqw.

Unaikumbuka asubuhi ile Kenya, Mwingereza alipotupeleka kuwawinda watu waliokuwa wakidai nchi yao. Nilikuwa lindoni, ukungu mzito kama wa kule milimani Nainokanoka. Mtu akatoka msituni. Niliita mara moja tu, nikafyatua. Kumbe ni mzee na kibuyu chake cha asali, hana hata panga. Nilipiga yowe, afande. Ukanishika shingo ukasema, "Nyamaza. Nimepiga mimi." Luteni akaandika jina lako na kukusifu, nami nikadhani yameishia pale.

Mpumbavu mimi. Nilidhani damu niliyomwaga kwa amri ya Mzungu ni ya Mzungu, nikivua gwanda nimemwachia. Tuliporudi, wazee wakatusimamisha nje ya zizi kabla hatujawagusa watu wetu, wakauliza kama kawaida yetu: nani ameua mtu? Mke wangu alikuwa anatazama. Tulikuwa tumelala nyumba moja siku tisa tu kabla sijaondoka. Nikainamisha kichwa. Wewe ukapiga hatua moja mbele, kama uko kwenye gwaride.

Wakakutenga, kama mila inavyomtenga aliyeua mpaka atakaswe, pamoja na watoto na Mama Safari, kwa kuwa ni mkeo na ndiye wa kukupikia. Ikawa marufuku kuwapa moto, kushika vyombo vyenu, kunywesha ng'ombe pamoja nanyi. Nikipita njiani unanipungia kofia na kucheka, "We kuruta, buti chafu hizo." Mimi nakaza mwendo. Masika ikakuletea homa ya mapafu. Siku ya tatu nilifika mpaka kwenye uzio, nikaona moshi hautoki, moto wenu umezimika, nikarudi nyumbani nikala ugali. Nilikula, na nikaongeza. Nataka ulijue hilo.

Tangu ufe, Uhuru umekuja. Karatu walipandisha bendera, wakaniweka mstari wa mbele na kuniita askari wetu, wakaomba niwafundishe vijana kwata. Nilisimama wima nikiona haya, maana uhuru wa jirani mimi niliupiga risasi. Na nyumbani kwako haukufika. Wazee walisema ulikufa hujatakaswa, kwa hiyo mkeo aendelee kukaa humo humo. Mwaka wa pili huo.

Kilichonitoa mafichoni ni moto. Siku moja ya mvua Mama Safari alisimama mbali akaniita, "Shemeji, nirushie kijinga cha moto, watoto wanatetemeka." Majirani walikuwa wanatazama. Nikafunga mlango. Ndani, mke wangu, mja mzito wa miezi minane, aliniuliza ni nani. Nikasema hakuna mtu.

Sikulala vizuri tena. Nilimpeleka mke wangu kwa mama yake ng'ambo ya bonde, asinaswe na adhabu yangu, kisha nikaenda kwa wazee nikasema yote. Mmoja akaniambia nimechelewa. Walichinja kondoo wa utakaso, wakamtoa Mama Safari na wanawe, wakaniingiza mimi humu, kwa vile hawakuona haja ya kujenga kibanda kingine. Nitakaa mwaka mzima, afande. Hatua kumi na mbili mpaka kwenye uzio, kumi na mbili kurudi. Nazipiga kutwa, na kuna wakati nataka kuuvunja uzio huu kwa meno.

Juzi moto wangu ulizimika. Nilikaa tu, ningemwomba nani? Mara kijinga kikaanguka uani. Ni Mama Safari. Nilimpigia kelele aondoke, watamrudisha kifungoni. Akasema, "Mimi nimeshazoea," akaenda zake. Nilikipuliza huku nalia.

Leo asubuhi nimesikia vigelegele kutoka ng'ambo ya bonde. Mwanangu amezaliwa. Sijui ni wa kike au wa kiume. Namngoja mkeo apite jioni aniambie.

Nisamehe kwa ule ugali. Nitaliziba paa lako kabla sijatoka, na siku nitakayotoka nitambeba mtoto nimpeleke kwanza kwa Mama Safari, amshike kabla yangu. Naahidi.

Pumzika, afande. Buti zangu ni safi sasa. Humu hakuna pa kwenda kuzichafua.

Kuruta wako,
Baran